Pazia la Ofisi ya Anatole

Chumba hakikuwa na dirisha, lakini pazia lake lilitakiwa liwe tayari kabla ya saa nane mchana.

Georgette alikuwa amepiga magoti mkekani, sindano mkononi, uzi mdomoni. Cherehani yake ilichukuliwa na wanajeshi mwezi uliopita, pamoja na bata wawili na suruali ya harusi ya mumewe. Kitambaa alichokuwa akikishona ni kitenge chake cha jubilei ya parokia, chenye sura ya askofu kila baada ya shubiri mbili.

"Baba Vanessa, mi nipime wapi?" aliuliza. "Dirisha yenyewe haiko."

"Pima ukuta," alisema Anatole. "Weka metre mbili."

"Metre mbili! Hiyo iko dirisha ya gouverneur. We uko karani. Metre moja inakutosha."

Mumewe akanuna. Hata kwenye dirisha lisilokuwepo, mwanamume alitaka cheo.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita, na mji wa Baraka ulikuwa umepata watawala wapya. Mwanamume asiye na kazi alikamatwa barabarani, akabebeshwa masanduku ya risasi na kupandishwa milimani, huko juu kupita Fizi. Waliochukuliwa kule Mboko wiki mbili nyuma hawakuwa wamerudi, hata mmoja. Waliosalimika ni wenye ofisi. Mkaguzi wa ofisi alipita nyumba kwa nyumba, na aliyemridhisha alimwachia karatasi yenye muhuri ya kubandika mlangoni. Jirani yao Uledi alikuwa nayo. Juzi wanajeshi walisimama kwake, wakaitazama ile karatasi juu na chini, wakaenda zao.

Anatole aliwahi kuwa karani kweli, kabla ofisi haijachomwa moto. Sasa ilibidi aonyeshe kwamba anafanyia kazi nyumbani. Stoo ya mihogo ikafagiliwa. Mlango wa choo ukang'olewa na kulazwa juu ya kreti mbili za bia, ukawa meza. Tangu asubuhi, aliyekwenda chooni ilimlazimu aimbe. Likabaki pazia. Nani Baraka nzima aliyewahi kuona ofisi ya serikali isiyo na pazia? Bila pazia, ile ilikuwa stoo yenye mtu ndani.

Georgette aliogopa mpaka akajichoma kidole mara tatu. Alikuwa amemzoea huyu bwana mbishi kwa miaka kumi na minne, na hakuwa tayari kumpoteza. Akapinda juu, akaacha njia ya kupitishia waya. Akapinda chini mara mbili ili pazia liwe zito, lisipeperuke mtu akifungua mlango. Wakalitundika kwenye misumari miwili, wakarudi nyuma kulitazama. Safu moja ya maaskofu ilikuwa kichwa chini.

"Mama Vanessa! Baaskofu!"

"Baache ivyo. Nao baone vile tunaishi."

Mkaguzi alifika saa nane kamili. Aliitwa Monsieur Roger, bwana mwembamba mwenye koti jeusi na mkoba wa shule, na alikuja kwa miguu, peke yake. Georgette alimwogopa papo hapo: mtu asiyehitaji hata mlinzi mmoja lazima awe mkubwa sana. Alipewa kiti, akapewa chai, akaomba ya pili, akamaliza mihogo yote iliyokuwa kwenye sahani. Lori la wanajeshi likanguruma barabarani. Mkaguzi akaacha kutafuna mpaka lilipopita. Wakubwa hawa, aliwaza Georgette, hata magari ya jeshi lao huyahesabu kwa masikio.

"Kazi iko?" aliuliza mkaguzi.

"Iko mingi, chef," alisema Anatole, akigonga mlango wa choo kwa kalamu. "Nachoka kabisa."

"Humu joto ni mingi. Tufungue dirisha kidogo."

"Chef, inje kuko vumbi."

"Kidogo tu."

"Na mambo ya bureau ya serikali, chef, iko ya siri."

Lakini mkaguzi alikwishasimama. Georgette alitaka kuzimia, kupiga yowe, kuwasha moto jikoni. Miguu ikamkatalia yote. Mkaguzi akashika pindo, akafunua.

Palikuwa na ukuta wa udongo. Mjusi aliyekuwa amejipumzisha pale akatimua mbio.

Anatole alifumba macho kama mtoto anayengoja sindano ya nesi. Georgette alikwishamwona yuko mlimani, sanduku kichwani.

"Chef, nakuomba," alisema. "Huyu ni baba ya batoto bane. Kosa iko yangu. Ni mi nilishona."

Mkaguzi alilishusha pazia taratibu, akalinyoosha mikunjo. Akachunguza mishono kwa karibu, upande wa mbele na upande wa nyuma. Kisha akaenda kufunga mlango wa chumba, akarudi, akatoa muhuri uliofungwa ndani ya leso, akaupulizia pumzi na kuugonga kwenye karatasi ya kubandika mlangoni kwa Anatole. Muhuri wenyewe ulikuwa umechongwa kwenye soli ya kandambili.

"Mama," alinong'ona, "unishonee na mi ingine kama hii, leo leo. Kesho commandant anakuja kuangalia bureau yangu, na hata nyumba sina."