Mlango Usio na Mwanya

Zamani za wanyama kujengeana nyumba, Ngiri mbishi alimwita fundi seremala Kigogota amtengenezee mlango wa mkaratusi.

"Tuache mwanya kidogo, bwana," alisema Kigogota. "Mkaratusi ni mlevi. Masika yakifika utakunywa maji, utavimba."

"Mwanya wa nini? Chui apitishe ukucha? Mimi nataka ubane ndi!"

Kigogota akaubana. Kiangazi kizima Ngiri alitamba kwamba kwake haupenyi hata upepo.

Masika yakafika. Mlango ukavimba, ukagoma kufunguka, na maji yaliyochipuka sakafuni yakaanza kumpanda Ngiri magotini.

"Fundi!" akapiga kelele. "Nitobolee mwanya nitoke!"

Sauti nzito ikajibu kutoka nje:

"Fundi hayupo. Ila mimi Chui nipo, nikuvunjie?"