Ndoto ya Mkamuaji

Siku hizi ng'ombe akiugua, anayemkamua huuota ugonjwa wake, na bwana mifugo hapimi tena damu. Hupita asubuhi akiuliza ndoto.

Nyamizi alikuwa ameota anaelea katika mto mwekundu wa vuguvugu, ukampanda taratibu hadi kooni, asiweze kumeza. Alijua vijidudu vimeingia kwenye damu ya ng'ombe wake, Mawingu, na akisema tu, Mawingu atauawa leo leo ili asiambukize wengine.

"Umeota nini, mama?" bwana mifugo aliuliza kutoka nje ya ua.

"Majani mabichi," alijibu, akiificha kwa khanga shingo ya Mawingu iliyovimba hadi akawa anakoroma kwa chini.

Bwana mifugo akaandika, akatabasamu. "Mwaka wa neema huu. Kijiji kizima kimeota majani."

Nyamizi akatega sikio. Kutoka mazizi yote ya jirani, ng'ombe walikuwa wakikoroma kama Mawingu.