Yaya wa Mpaka Saa Sita

Mlango ulikuwa wazi, lakini yaya alibonyeza kengele. Akangoja. Akabonyeza tena.

"Si uingie tu jamani!" bosi alipiga kelele toka ndani, mswaki mdomoni.

"Nifunguliwe."

Bosi akaja, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Shikamoo."

"Marahaba, bosi. Nimefika."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti. Kazi ni asubuhi tu, ikifika saa sita anavua aproni. Kupiga pasi hakumo. Vyombo vya jana havimo. Na ndani ya saa za kazi bosi ni bosi, yaya ni yaya, tusichanganye mafaili. Bosi alipoyasikia mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Yaya hakucheka, basi naye akaacha. Akakubali shingo upande, maana mayaya waliotangulia walishamkimbia, wote kwa kosa lilelile: bosi alikuwa bingwa wa kuchelewa. Harusi yake mwenyewe alifika watu wanaosha masufuria.

"Leo usinicheleweshe," yaya akasema, akifunga aproni. "Nina mtihani wa udereva."

"Nimesikia. Saa sita niko hapa."

"Jana pia ulisikia. Juzi ndiyo ulisikia zaidi."

"Haki ya Mungu leo nawahi!"

Mume wa bosi akatokeza ukumbini, akamwona yaya, akamwamkia haraka haraka, akageuka kurudi bafuni kunyoa ndevu ambazo alishazinyoa. Huyo alimwogopa yaya kuliko alivyomwogopa mkewe.

Si kwamba yaya alikuwa mkorofi. Alikuwa amejifunza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kulala hukohuko: kupika yeye, kufua yeye, na usiku anafumba macho sikio liko wazi. Mabosi walikuwa watatu, wakali kama siafu, na hakuna hata mmoja aliyejua neno likizo. Miaka ikapita, wakafungasha mmoja mmoja wakaenda zao, yeye akabaki na magoti yanayolia kama bawaba kavu. Siku alipokubali kurudi kazini aliapa: safari hii, saa ni saa. Mchana ana mambo yake.

Na jambo kubwa kuliko yote lilikuwa lile gari la mafunzo, lenye mlango mmoja wa rangi tofauti. Alitaka, kabla magoti hayajastaafu kabisa, aende mahali bila kuomba lifti kwa mtu. Darasa zima lilikuwa la vijana. Walimcheka wiki ya kwanza, wiki ya pili wakaanza kumwomba awafundishe kurudi nyuma. Ila mtahini hangoji mtu. Ukikosa leo, unakaa mpaka watangaze tena, na kutangaza kwao ni majaaliwa.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mtoto, binti waliyemwita Pilipili, alikuwa na maneno mawili tu duniani, "hapana" na "tena", na yaya alijua ni wakati gani hapana maana yake tena. Uji ukaliwa, mwingine ukapakwa ukutani. Mfuniko wa sufuria ukawa usukani, wakaendesha kutoka kwenye sofa mpaka jikoni, wakiwasha indiketa kila kona.

"Tena!" akasema Pilipili.

Saa sita ikafika. Bosi hakufika. Yaya akapiga simu.

"Dakika tano tu, niko njiani!"

Nyuma ya sauti yake mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma. Njia gani hiyo, yenye mashine ya nywele?

Yaya akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mahali pake. Akampachika Pilipili kiunoni, begi la nepi begani, akafunga mlango. Saluni ya bosi ilikuwa mtaa wa pili tu.

Alimkuta kashika msuko, mteja kainamisha kichwa kilichosukwa nusu, nusu ya pili imesimama kama imeona nyoka. Yaya akamkalisha Pilipili kwenye kiti cha kuoshea nywele, begi akalitua pembeni yake.

"Saa zangu zimekwisha, bosi. Ameshakula, hajalala. Kwaheri."

"Ngoja kwanza! Namalizia huyu tu. Nakupigia magoti, usinifanyie hivi."

"Hapana," akasema Pilipili.

"Umemsikia," akasema yaya.

Mteja akainua ile nusu ya kichwa. "We dada, huyu ndiye yaya wako? Anakubwagia mtoto kazini, anakujibu mbele za watu, na wewe umenyamaza? Mimi ningemfukuza leo leo!"

"Siwezi."

"Huwezi kivipi? Mayaya wamejaa tele! Kwani huyu kakufanyia nini cha ajabu, mpaka umwogope namna hiyo?"

Bosi akaachia msuko. Akashusha pumzi.

"Kanizaa."

Mashine ya nywele ikazimwa. Yaya alikuwa keshafika mlangoni. Akageuka.

"Na siku hiyo pia," akasema, "alichelewa."