Shuka la Mama

Mngurumo wa mashine ya kumenya kahawa ulianza ghafla, ukaifunika sauti ya mwalimu wa chuo cha ng'ambo aliyekuwa akimhoji Wawira kwa video ya simu.

Wawira aliisogeza simu karibu na mdomo. Hapo Kianyaga, mtandao ulishika vizuri katika stoo ya kiwanda tu. Nyuma yake alikuwa ametundika shuka jeupe la mama yake, ili chuo kile kikubwa kisione magunia.

"Kelele hizo ni za nini?" mwalimu aliuliza. "Nafasi za wanafunzi wa nje ni chache. Nataka nikusikie."

Wawira alitazama vidole vyake, vyekundu kwa maji ya matunda ya kahawa. Akaling'oa shuka, akatoka akalibwaga matopeni, akaenda na simu mpaka kwenye mfereji wa kuoshea kahawa, mbele ya mama yake na wakulima waliopanga foleni.

"Tazama nilichokuwa nimekificha nyuma ya shuka," alisema, sauti yake ikiishinda mashine. "Buni nyepesi inaelea. Nzito inazama, na hiyo ndiyo mnayokunywa huko. Niliyajua haya kabla ya kujua kusoma. Mkinipima, nipimeni hivyo."

Mwalimu alisogea karibu na kioo. "Nionyeshe tena."

Mama aliliokota shuka matopeni. "Ati ulikuwa unatuficha?"

"Nisamehe, mama. Sitalitundika tena."