Kikohozi cha Koridoni

"Lala tu, mwanangu," mwalimu alisema, akimvisha binamu yangu kofia ya nyaya. "Leo ndiyo kazi uliyopewa."

Darasa likacheka. Kwenye kozi hii ya likizo ya kusoma ubongo walimwita Popo, kwa sababu kila kipindi cha mchana kilimkuta anasinzia. Jeli ya kunatisha nyaya kichwani ilimchuruzika hadi sikioni, asijifute. Alikuwa amechoka hoi. Hata hatujatulia vitini, mistari ya ubongo wake kwenye skrini ilishalegea ikawa mawimbi mapana, ya polepole.

"Huyo kashazama," mwalimu alinong'ona. "Sasa tuone ubongo uliolala unasikia nini."

Akagonga meza. Mawimbi hayakujali. Akapiga kengele, wapi! Akadondosha kitabu kinene sakafuni. Tukashtuka sisi, si yeye.

"Kalala kama gogo," mmoja akasema.

Ndipo mzee wa usafi, akipita koridoni na ndoo yake, akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha kifua kikavu.

Mistari ikaruka yote kwa pamoja. Popo alikuwa ameshasimama, macho bado mazito, nyaya zikimning'inia mabegani, mkono ukipapasa meza kutafuta kikombe ambacho hakikuwepo.

"Nakuja, baba. Nakuja."

"Mmeona?" Mwalimu alifurahi kweli. Kisha akanigeukia, sauti ikashuka. "Baba yake anaumwa?"

"Tulimzika kabla ya likizo, mwalimu."

Koridoni, mzee akakohoa tena.