Kitabu cha Walimu Wale

Mama alifundisha sarufi miaka thelathini. Jumapili ile alikuwa akininoa kwa mtihani wa kujiunga na shahada ya uzamili.

"Tafuta kiima kwanza, mwanangu," alisema. "Maneno ya katikati yamewekwa kukupoteza tu."

Nikasoma swali: "Kitabu cha walimu wale kimepotea, au wamepotea?"

"Wamepotea," akajibu upesi.

Nilidhani ananitania. Nikasoma tena, polepole, nikikaza sauti kwenye "kitabu". Akarudia jibu lilelile. Kisha akanitazama, kidole gumba kikisugua vidole vingine kana kwamba anapangusa chaki.

"Nimekosa?" akauliza, kwa unyonge ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Hapana, mama. Umepata."

Nikaweka alama ya vema kwenye "wamepotea", huku akiangalia.