Mtoto wa Nyuzi Arobaini na Tatu

Siku hizi kila mjamzito wa Baringo huchanjwa kwa kimeng'enya kilichotolewa kwenye vijidudu vya chemchemi za maji moto. Kimeng'enya hicho hubandika alama ndogo za kemikali kwenye RNA, ule ujumbe unaoendesha chembe za mwili, ili joto lisiuharibu. Kabla ya chanjo kuja, Jerotich alikuwa amezika vichanga wawili waliouawa na kiangazi. Huyu wa tatu, Kipkulei, alizaliwa akilia kwa nguvu, na mama yake akalia naye kwa furaha.

Kobilo, mama mkwe wake, alimpokea mjukuu akashtuka.

"Jerotich, mtoto anaungua! Ana homa!"

"Si homa, mama. Nesi amesema hilo ndilo joto lake la kawaida, kama langu tangu nichanjwe. Nyuzi arobaini na tatu."

Kobilo, ambaye umri ulimnyima chanjo, alicheka huku machozi yakimtoka. "Mungu ashukuriwe. Awe moto kama jiko, mradi anapumua."

Akamkumbatia kifuani. Punde midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka kwa baridi.

Bibi ndiye aliyeelewa kwanza. Akamrudisha taratibu kwenye kifua cha moto cha mamake, akatoka, akavuta kigoda hadi katikati ya uwanja, akaketi juani na mikono ameinyoosha.

Jerotich alikimbilia mlangoni. "Mama, rudi ndani! Jua hili litakuua!"

"Ningoje kidogo tu, mwanangu," Kobilo alijibu akitabasamu, jasho likimtiririka. "Nataka kumbeba tena."